Tumbawe Lililotiwa Rangi

Katika kitengo kile cha kusafisha damu, tangi la samaki lilikuwa limejengwa ndani ya ukuta. Upande mmoja wa kioo walikaa wagonjwa kwenye viti vyao vya kulalia, kila mmoja na mashine yake pembeni ikizungusha damu. Upande wa pili alikuwepo fundi wa maji, na mapipa yake, vichujio vyake, na pampu zilizonguruma kutwa nzima. Sista mkuu aliruhusu tangi liwepo kwa sharti moja tu: fundi alihudumie kwa nyuma, na hata tone la maji yake lisivuke kwenda kwa wagonjwa. Fundi alilishika sharti hilo kama kiapo.

Lilikuwa tangi la maji ya chumvi. Mashine za kusafisha damu hutaka maji yaliyochujwa mpaka yakabaki maji matupu, na maji ya namna hiyo hiyo ndiyo anayoanza nayo mtu anayefuga viumbe wa baharini. Kisha huyatia chumvi maalumu. Wagonjwa wakalifanya hilo kuwa utani wao. Mtu akisimulia jambo likaanza kukua kuliko lilivyokuwa, jirani yake angemkatiza: "Wewe, hapa mwenye kibali cha kutia chumvi ni fundi peke yake."

Katikati ya tangi lilikuwepo tumbawe la kijani, pana kama sinia ndogo, lenye vidole laini vilivyopepea maji yanapopita. Wageni walidhani ni mmea. Fundi hakuchoka kuwaambia kwamba ni wanyama, tena kundi zima la wanyama wadogo walioshikana. Mgonjwa akitobolewa sindano alielekeza macho pale. Damu ikishuka na kichwa kuwa chepesi, sista alimwambia atazame pale pale, apumue polepole.

Siku moja umeme ulikatika kwa muda mrefu. Jenereta ilizibeba mashine za wagonjwa, kama ilivyopaswa, lakini pampu na taa za tangi hazikuwa zimeunganishwa nayo. Fundi alikuwa nyumbani, amelala na homa. Aliporudi kazini alikuta maji yananuka na tumbawe limekuwa uji. Samaki wawili tu walipona, mmoja wa manjano na mwingine mwenye mistari. Aliuondoa ule uozo kwa mikono yake, akasafisha, akabadilisha maji, na kwa siku kadhaa hakupenda kupita mbele ya kioo.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa msusi. Alikuwa binti bado, figo zake zilikuwa zimegoma akiwa katikati ya maandalizi ya harusi yake, na kiti chake ndicho kilichotazamana na tangi. Harusi ilikuwa imeahirishwa. Kaka yake mkubwa, aliyezaliwa naye tumbo moja, alikuwa ameahidi mbele ya familia nzima kwamba atampa figo moja. Kilichokuwa kinasubiriwa ni majibu ya vipimo. Kila akiulizwa, msusi alijibu kwa furaha ile ile, "Bado kidogo tu."

"Fundi," alimwita siku hiyo, akiwa amefungwa mirija mkononi, "hutatuwekea jingine? Hapo katikati pamekuwa kama jino lililong'oka."

"Nitatafuta."

"Mimi nimeshatafuta." Akainua simu kwa mkono uliokuwa huru. "Hili hapa. Lione kwanza ndipo useme."

Fundi alikuwa amekuja upande wa mbele kukagua bomba. Akainama. Kwenye simu palikuwa na tangazo la mtu auzaye matumbawe mtandaoni, na picha ya tumbawe la zambarau iliyokolea, kila mdomo wake mdogo ukiwaka rangi ya chungwa kama kaa la moto. Chini yake, kidole cha muuzaji kilionekana kikishika kijiwe tumbawe lilipooteshwa. Fundi alikuwa hajawahi kuliona la namna hiyo kwa macho yake.

"Lete na mimi nione," ilisema sauti ya kiti cha jirani.

Huyo alikuwa mpigapicha. Mzee mwembamba, aliyekuwa na studio miaka mingi, akipiga picha za pasipoti na za maharusi, na kwa mkono wake akifuta chunusi na mikunjo ya watu kabla kompyuta hazijaanza kuifanya kazi hiyo. Sista akampelekea simu. Mzee akaisogeza mpaka karibu na pua, akaikuza kwa vidole viwili, akaikagua mpaka msusi akaanza kuona amechelewa kupewa simu yake.

"Picha hii inasema uongo," alisema mwishowe.

"Aa, babu!"

"Si hasira, mwanangu. Tazama mchanga. Mchanga wa humo ni mweupe, si ndiyo, fundi?"

"Mweupe kabisa."

"Hapa ni wa zambarau. Kama mchanga mweupe umegeuka zambarau, basi hata hilo tumbawe limegeuzwa pamoja nao. Haya, nenda kwenye kidole. Umeona ukucha? Mtu mwenye ukucha wa rangi hii hauzi kitu, huyo anaoshwa azikwe."

Wagonjwa wawili watatu walicheka. Msusi hakucheka.

"Si taa tu hizo?" aliuliza. "Fundi hata wewe unawasha taa za buluu jioni."

"Taa ya buluu si uongo," mzee alijibu. "Ipo na yenyewe, na kuna matumbawe yanayong'aa kweli chini yake. Lakini taa hupaka vyote sawasawa. Hapa rangi imevutwa baadaye. Ona ukingo huu: zambarau imemwagika ikaingia kwenye jiwe, kama wanja wa mtu aliyelia. Na huku chini, vimidomo hivi vitatu vinafanana mpaka kwa doa. Mungu hakuumba hivyo. Kuna sehemu imenakiliwa ikabandikwa juu ya nyingine. Mimi ningemuuliza huyu bwana, pale ulipobandika palikuwa na nini?"

Fundi alihisi maneno hayo yanamwingia. Lakini msusi alikuwa amekunja uso na macho yake yamejaa maji.

"Babu, na wewe umefuta mikunjo ya watu maisha yako yote. Na mimi nawaonyesha wateja picha za mitindo ambayo vichwa vyao havitaiweza. Niachie kitu kimoja basi kiwe kizuri."

Mzee akarudisha simu.

Fundi akamwandikia muuzaji. Kwa maneno ya mzee alikusudia kuhakikisha kwanza, aombe picha nyingine iliyopigwa kwenye mwanga mweupe, au video fupi. Aliomba. Muuzaji akamjibu kwamba mzigo unagombewa, asiyetaka apishe wengine. Fundi alifikiria yale macho ya msusi, akalinunua.

Kifurushi kilipofika alikifungulia chumbani kwake, nyuma, mlango umefungwa. Ndani ya mfuko wa maji mlikuwa na tumbawe la kahawia. Kahawia ya chai iliyoachwa ikapoa. Upande wake wa chini, pale pale ambapo vimidomo vitatu vilifanana, nyama yake ilikuwa imekufa, mfupa mweupe uko nje. Alilishika akaligeuza tena na tena. Kisha akaliogesha kwenye dawa ya kuondoa vimelea, akaliweka katikati ya tangi, jeraha likielekea nyuma, na akafanya jambo ambalo hakulipanga. Alizima taa nyeupe zote akaacha za buluu peke yake, akazipandisha mpaka mwisho.

Chini ya mwanga ule kahawia ikawa kitu kingine. Midomo ikaonyesha ukijani. Haikuwa zambarau wala chungwa, lakini kwa mtu aliyekaa mbali na kutaka kuamini, ilitosha.

Msusi alipoingia akaweka kiganja kwenye kioo. "Limekuja!" Akageuka kwa mzee. "Umeona, babu?"

"Nimeona," mzee akasema. Alimtazama fundi kupitia kioo, akatazama zile taa, akafumba macho kama anayetafuta usingizi.

Ikaendelea hivyo kwa siku za mashine kadhaa. Kabla zamu ya msusi haijaanza, fundi alizima taa nyeupe; msusi akishaondoka, aliziwasha. Alijiambia kwamba hamdhulumu mtu. Lakini kila alipolirekebisha lile tumbawe ili jeraha lisionekane, alijisikia kama mtu anayemficha mgonjwa kwa ndugu zake.

Kilichoyafichua mambo ni mwanga wa jua. Mfanyakazi wa usafi alikuja kuosha mapazia, akayashusha yote, na asubuhi ikamwagika chumba kizima. Jua lilipita moja kwa moja kwenye kioo cha tangi. Msusi alikuwa tayari ameunganishwa, hawezi kuinuka. Akalitazama tumbawe kwa muda mrefu.

"Fundi," aliita, si kwa sauti kubwa.

Fundi akaja mbele.

"Ni la kahawia."

"Ndiyo."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza. Picha ilikuwa kama babu alivyosema. Mimi ndiye niliyezima taa nyeupe. Nisamehe, dada yangu. Nilidhani nakufurahisha."

Msusi aligeuza uso ukutani. Mashine ikalia kwa sababu mkono wake ulijikunja, sista akaja akaunyoosha, akaondoka. Msusi aliposema tena, sauti yake ilikuwa imekauka.

"Nyote ni wale wale. Kila mtu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mama nikiingia jikoni ananyamaza. Kaka yangu nikimpigia hapokei, halafu anatuma ujumbe wenye vicheko. Majibu gani ya vipimo yasiyotoka? Wote tuliopima hapa majibu yetu yalitoka. Nimekuwa mtoto wa kudanganywa na peremende, na sasa hata wewe, fundi, na kitaa chako."

Mzee alinyoosha mkono wake mkavu kuvuka nafasi iliyokuwa kati ya viti vyao viwili, akalishika pindo la blanketi la msusi, kwa kuwa ndipo mkono ulipofika, akabaki amelishika.

Jioni ile msusi hakumpigia kaka yake. Alimwandikia kwamba siku ya mashine inayofuata anataka amwone amesimama mbele ya kiti chake, na kama hana la kweli la kumwambia, asije kabisa.

Alikuja. Mtu wa miraba minne, dereva wa lori, kofia mkononi, asiyejua asimame wapi kati ya mirija. Fundi alikuwa nyuma akibadilisha kichujio. Ukuta ule wa kioo haukuzuia sauti, naye alitamani kuondoka lakini maji yalikuwa yamefunguliwa.

"Sema, kaka."

"Majibu hayapo."

"Hayapo vipi?"

"Sikupima," dereva alisema. "Nilikwenda. Nilifika mpaka mlangoni, nikaona watu wamekaa kwenye benchi, nikageuka. Nikarudi tena siku nyingine, nikageuka tena. Mama anajua. Nimeendesha gari kwenye barabara ambazo wenzangu hawazitaki, lakini kisu, mdogo wangu... Nimekiogopa kisu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

"Hivyo hivyo ulivyoniambia sasa."

Dereva akaufunika uso kwa kofia. Msusi alimwacha alie. Hakumbembeleza na hakumkaripia. Baadaye akamwambia avute kile kiti cha plastiki akae, kwa sababu saa zilizobaki ni nyingi na kusimama kwake kunamchosha yeye anayemtazama.

Walipokuwa wamekaa hivyo, fundi aliingiza mkono kwenye tangi alitoe lile tumbawe. Alikuwa ameamua kulitupa. Alifikiri ndiyo heshima iliyobaki. Msusi akagonga mkono wa kiti chake kwa pete.

"Unalipeleka wapi?"

"Nalitoa. Halifai."

"Lenyewe limemdanganya nani? Aliyedanganya ni yule bwana wa kucha za zambarau. Na wewe kidogo. Liache. Washa taa nyeupe, na huo upande wake mbovu ugeuze huku tuuone."

Fundi akawasha taa zote. Aligeuza jiwe. Jeraha lilikuwa kubwa kuliko alivyokumbuka, ila pembeni mwake, palipokuwa na mfupa mtupu, nyama changa ilikuwa imeanza kutambaa.

Usiku wa siku hiyo dereva alilala kwa mama yake, na asubuhi msusi mwenyewe akamsindikiza kwenda kupima. Alikaa naye kwenye lile benchi, amemshika mkono. Safari hii majibu yalitoka upesi. Daktari aliwaita wote wawili, akasema damu zao zinakubaliana, lakini shinikizo la damu la kaka limekaa juu muda mrefu bila yeye kujua, na limeshaanza kuzigusa figo zake. Hawezi kutoa. Inabidi aanze dawa mara moja, na akichelewa zaidi atajikuta kwenye kiti kama cha dada yake.

Walitoka nje wakaketi kwenye ngazi. Dereva alimwambia dada yake kwamba alikuwa ameomba dua madaktari wamkatae, na sasa wamemkataa, anajiona kama mwizi. Msusi alimjibu kwamba ajali na aibu asizichanganye, ameze dawa zake. Kisha yeye mwenyewe akalia, kwa sababu tumaini lile alilolibeba muda wote lilikuwa limekwisha kweli, na hapakuwa na wa kumlaumu.

Mambo mengine yalibadilika polepole. Msusi aliandikishwa miongoni mwa wanaosubiri figo ya mtu mwingine, bila kuambiwa itakuwa lini. Wagonjwa walipochanga kununua tumbawe la pili, kazi ya kutafuta alipewa yeye, na mzee akawa mwalimu wake. Msusi alikuwa anakuza picha moja moja, akianza na mchanga, kisha mkono wa muuzaji, kisha samaki kama yumo.

"Huyu samaki ni wa aina ya huyu wetu wa manjano," alisema siku moja, "lakini hapa amekuwa kama embe bivu. Hapana."

"Endelea," mzee akasema.

"Hii nayo nimeikuta kwa wauzaji watatu tofauti, kila mmoja anasema ni la kwake, limekatwa leo. Tumbawe moja haliwezi kulala nyumba tatu."

"Mume wa watu hulala," alidakia mgonjwa wa mwisho wa safu, na chumba kizima kikacheka, hata sista mkuu ambaye hakuwa mtu wa kucheka kazini.

Walimpata mwanamke mmoja ambaye picha zake zilikuwa zimepooza, mchanga mweupe, vidole vya rangi ya vidole. Msusi akamwomba video kwenye mwanga mweupe, pamoja na kipande cha karatasi kando ya jiwe chenye neno atakalomchagulia. Mwanamke hakuudhika. Aliandika neno hilo, akarekodi, tena akalizungusha tumbawe aonyeshe mahali lilipokatwa. Lilipofika lilikuwa kijani cha jani changa, dogo kuliko kiganja, na lilifanana na video yake. Fundi aliliweka kando ya lile la kahawia, akiacha nafasi yasiumizane.

Yule muuzaji wa kwanza fundi alimwandikia mara mbili, hakujibiwa, kisha akafungiwa. Akaweka picha mbili hadharani, ile ya tangazo na ile aliyoipiga yeye mchana, zikiwa sambamba, bila matusi. Watu kadhaa walimshukuru. Wengine walijibu kwamba yaliwakuta hayo hayo, wakaona haya kusema.

Mzee mpigapicha hakukaa nao muda mrefu. Moyo wake ulichoka, akafia nyumbani kwake, katikati ya wanawe. Siku iliyofuata kiti chake kilitandikwa shuka jipya kikakaa tupu, na msusi aliomba asihamishiwe pale ingawa palikuwa karibu na dirisha.

Jambo jingine alilolifanya msusi, na ambalo liliwashangaza watu wa nyumbani kwake, lilikuwa kumwita mchumba wake akampa habari zote bila kupunguza: kaka hawezi, figo nyingine haijulikani itatoka wapi wala lini, mashine haina likizo, watoto huenda wasipatikane. Alimwambia yuko huru kuondoka, na hatamsema vibaya kwa mtu. Mchumba, kijana fundi seremala asiye na maneno mengi, aliomba apewe muda afikiri. Msusi aliupenda ule ukweli wa kuomba muda kuliko angeapa pale pale. Zikapita siku ambazo hakulala vizuri. Kisha kijana akarudi, akasema wasisubiri tena.

Harusi ilifanyika kwa watu wachache, kwenye sebule ya mama, siku isiyokuwa ya mashine. Dereva ndiye aliyewapeleka na kuwarudisha. Siku iliyofuata ilikuwa ya mashine, msusi akaja na mumewe. Sista alimwonyesha kijana pa kunawia mikono na pa kukaa, akamfundisha jinsi ya kuuangalia mrija usijikunje na maana ya kila taa ya mashine. Kijana alikuwa na hofu. Aliuliza hili, akauliza lile, akainuka kila mashine ilipobadilisha mlio. Mkewe alimtazama akihangaika hivyo, akaivuta miguu kidogo ili kiti cha mumewe kisogee karibu.

"Kaa, mume wangu," alimwambia. "Ndiyo kwanza tunaanza."